Sarafu Isiyo na Tarehe: Kigunduzi cha Metali, Udongo na Historia ya Pwani ya Waswahili

1.0 Utangulizi

Msamiati wa fedha katika Kiswahili ni historia fupi ya biashara na tawala zilizopita pwani ya Afrika Mashariki. Neno fedha, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa jina la madini kabla ya kuwa jina la thamani. Pesa ilivuka bahari kutoka Bara Hindi, na rupia vivyo hivyo. Hela ni kumbukumbu ya heller, sarafu ndogo ambayo Wajerumani waliianzisha katika koloni lao mwaka 1904, na shilingi ilifuata chini ya Waingereza katika miaka ya 1920. Sarafu zenyewe zilikwisha kuondolewa sokoni, lakini majina yake yamebaki midomoni mwa watu, na mengine yanatumika hadi leo bila mzungumzaji kukumbuka yalikotoka.

Mwanafunzi wa lugha anaelewa kwamba neno lililotolewa katika sentensi yake, likaondolewa kwa msemaji, mahali na wakati wake, hupoteza sehemu kubwa ya maana. Ndiyo maana wakusanyaji wa tenzi na methali huulizwa walizipata wapi, kwa nani, na katika mazingira gani. Kanuni hiyo hiyo inazihusu sarafu za kale, ijapokuwa haitajwi mara nyingi. Muktadha wa sarafu ni udongo unaoizunguka.

Mhadhara huu unachunguza burudani ya kutafuta sarafu za kale kwa kifaa cha kugundua metali, na uhusiano wake na historia ya pwani ya Waswahili. Hoja yake kuu ni kwamba sarafu za Kilwa, tofauti na sarafu nyingi za ulimwengu wa Kiislamu, hazikuandikwa tarehe. Tarehe yake imehifadhiwa ardhini, katika tabaka na katika vitu vilivyozikwa pamoja nayo. Anayeing'oa sarafu hiyo pasipo kuandika ilipolala hubaki na metali mkononi na kuifuta tarehe.

2.0 Kifaa na Burudani Yake

Kigunduzi cha metali hakikubuniwa kwa ajili ya mambo ya kale. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kutumia kifaa cha umeme kutafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, asifanikiwe. Katika miaka ya 1930 Gerhard Fischer, mhandisi aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, alipata hataza ya kifaa cha kubebwa mkononi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Józef Kosacki, mhandisi wa Kipolandi aliyekuwa Uingereza, alitengeneza kigunduzi cha mabomu ya ardhini. Vita vilipomalizika, vifaa vya namna hiyo vilianza kuuzwa kwa raia. Kufikia miaka ya 1960 na 1970 vilikuwa vimepungua uzito na bei, na kutembea mashambani na kigunduzi kukawa burudani ya maelfu ya watu, hasa nchini Uingereza.

Utendaji wake si mgumu kuueleza. Waya uliozungushwa kama pete hupitishiwa umeme unaobadilika mwelekeo, nao huzalisha uga wa sumaku unaoshuka ardhini. Uga huo ukikutana na metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo hurudisha ishara inayosikika masikioni mwa mtafutaji kama mlio. Kwa kitu kidogo kama sarafu, kina kinachofikiwa kwa kawaida ni sentimita chache, na mara nyingi hakizidi 30.

Jambo moja katika utendaji huo lina uzito wa pekee kwa mwanahistoria. Watafutaji wengi hukipanga kifaa kisilie kinapokuta chuma, kwa kuwa misumari na vipande vya chuma hupoteza muda wao. Kifaa hufundishwa kuchagua kinachopendeza na kunyamazia kilichobaki. Lakini katika miji ya kale ya pwani, mavi ya chuma, misumari na vigae ndivyo vinavyosimulia maisha ya mafundi, wavuvi na watumwa ambao hawakufua sarafu wala kuandika majina yao. Hivyo uteuzi wa ushahidi huanza kabla mtafutaji hajainama kuchimba.

3.0 Hazina Mbili za Mwaka 2015

Nchini Uingereza mvutano kati ya wanaakiolojia na watumiaji wa vigunduzi ulikuwa mkali kwa muda mrefu. Suluhisho lililopatikana lilikuwa la kisheria na la kijamii kwa pamoja. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika mwaka 1997, ilimlazimu mtu aliyepata hazina kuitolea taarifa katika siku 14. Mwaka huo huo ulianzishwa mpango wa kuandikisha kwa hiari vitu vya kale vinavyookotwa na wananchi huko England na Wales, hata vile ambavyo kisheria si hazina. Kumbukumbu za mpango huo sasa zina vitu zaidi ya 1,000,000, na vingi kati yake vililetwa na watu wa burudani hii.

Watetezi wa burudani wana hoja isiyoweza kupuuzwa. Sarafu iliyomo katika shamba linalolimwa kila mwaka imekwisha kuondolewa katika tabaka lake na plau, na mbolea za kemikali huendelea kuila. Kuiokota na kuiandikisha ni afadhali kuliko kuiacha ioze. Hoja hiyo, hata hivyo, husimama kwa sharti moja tu: kuandikisha.

Matukio mawili ya mwaka 2015 yanaonyesha uzito wa sharti hilo. Karibu na Watlington, mkoani Oxfordshire, mtu mwenye kigunduzi aligusa hazina ya zama za Waviking, akatoa taarifa. Wataalamu waliinyanyua pamoja na bonge la udongo lililoishikilia na kuipeleka maabara. Ndani yake mlikuwamo sarafu kama 200, vikuku na mikuo ya fedha. Baadhi ya sarafu zilitolewa na Alfred, mfalme wa Wessex, na nyingine na Ceolwulf wa Pili, mfalme wa Mercia, na zimo za wafalme wote wawili zenye sura ile ile ya watawala wawili walioketi bega kwa bega. Tarehe za kale zilizoandikwa upande wa Wessex zilimdharau Ceolwulf na kumfanya kibaraka wa Waviking. Sarafu zinasema jingine: wafalme hao wawili walikuwa washirika.

Mwaka huo huo, karibu na Leominster, watu wengine wawili waligundua hazina ya kipindi hicho hicho, yenye sarafu za wafalme hao hao. Hawakuitolea taarifa. Ilikadiriwa kuwa na sarafu kama 300, lakini zilizopatikana baadaye ni chache. Nyingi ziliuzwa kwa siri na kutawanyika. Mwaka 2019 watu hao walihukumiwa kifungo. Hukumu ilitenda haki kwa sheria, lakini haikuweza kuirejesha hazina katika hali iliyolala kwa zaidi ya miaka 1,100. Ushahidi ambao ungeweza kuuliza maswali zaidi juu ya Alfred na Ceolwulf ulikwisha kugeuzwa bei.

4.0 Sarafu za Kilwa na Tatizo la Tarehe

Kisa cha Ceolwulf kina ndugu yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Historia ya masultani wa Kilwa imetegemea sana Tarehe ya Kilwa, ambayo imetufikia kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno katika kitabu cha João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyomo katika Maktaba ya Uingereza. Matini hizo mbili hazikubaliani katika majina yote wala katika miaka ya utawala. Ziliandikwa karne nyingi baada ya matukio ya mwanzo, kwa malengo ya watu wa wakati wake. Kwa hiyo wanahistoria walizigeukia sarafu kutafuta shahidi wa pili.

John Walker wa Makumbusho ya Uingereza alichapisha uchunguzi wa sarafu za masultani wa Kilwa mwaka 1936, na baada yake G. S. P. Freeman-Grenville aliendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi. Nyingi ni za shaba, ndogo na nyembamba. Upande mmoja una jina la mtawala na la baba yake. Upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Jambo la kuvutia kwa wanafunzi wa fasihi ni kwamba pande hizo mbili husomwa kwa mfululizo, na mara nyingi zina kina kimoja. Aliyeigeuza sarafu kiganjani alimaliza mizani ya kauli iliyoanzia upande wa pili. Ni utungo wa Kiarabu, lakini ulitumika sokoni katika mji wa Waswahili, na mikono iliyouzoea haikuwa ya wanazuoni pekee.

Pamoja na ustadi huo, sarafu hizo za shaba hazitaji mwaka wala mji zilikofuliwa. Jina la mtawala nalo halitoshi kuwa tarehe, kwa sababu sarafu ya shaba iliweza kuzunguka miongo mingi baada ya mwenye jina kufa. Isitoshe, majina kama Ali, al-Hasan na Sulaiman yanajirudia katika nasaba. Al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, anatambulika kwa urahisi kwa kuwa msafiri huyo alimtaja. Wengine hawakubahatika kutembelewa na mwandishi.

5.0 Ushahidi wa Mtambwe Mkuu na Songo Mnara

Mtawala aliyesumbua wataalamu zaidi ni Ali bin al-Hasan, ambaye sarafu zake ni miongoni mwa zinazopatikana kwa wingi. Neville Chittick, aliyeongoza uchimbuzi mkubwa wa Kilwa katika miaka ya 1960, alimweka kwenye mwisho wa karne ya 12 au karibu na mwaka 1200. Tarehe hiyo ilibeba mambo mengi, kwa kuwa mwanzo wa nasaba inayoitwa ya Kishirazi uliunganishwa na jina hilo.

Mwaka 1984, katika kazi ya kiakiolojia iliyoongozwa na Mark Horton huko Mtambwe Mkuu, kisiwa kidogo kilicho jirani na Wete, Pemba, ilipatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha. Zilikuwa ndogo, zimefuliwa na watawala wa pwani, nazo hazina tarehe. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu kutoka nchi za Kiislamu za nje, na dinari zilikuwa na desturi ya kuandikwa mwaka. Ya mwisho kati ya zile zenye mwaka inalingana na mwaka 1066. Kwa kulinganisha sarafu hizo za fedha na zile za Ali bin al-Hasan, Helen Brown na Horton walimrudisha mtawala huyo hadi nusu ya pili ya karne ya 11. Zaidi ya miaka 100 ya historia ya Kilwa ilihama mahali.

Inafaa kuzingatia ni nini hasa kilichotoa tarehe hiyo. Maandishi ya sarafu za fedha pekee yasingeitoa, wala dinari pekee zisingeitoa. Tarehe ilitokana na ujirani wao ardhini. Kama mtu mmoja angezifikia kwanza, akauza dhahabu kwa sonara na fedha kwa watalii, kila sarafu ingeendelea kuwapo mahali fulani duniani, ikiwa nzima na ikisomeka, na historia ya Ali bin al-Hasan ingebaki ilivyokuwa.

Ushahidi wa pili umetoka Songo Mnara, kisiwa jirani na Kilwa Kisiwani, ambako Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher walianza uchimbuzi mwaka 2009. Huko lilipatikana lundo la sarafu za shaba za aina ya Kilwa, na lilikuwa lundo la kwanza la aina hiyo kuchimbwa katika mazingira yaliyoandikwa vema. Mazingira hayo yaliliweka kwenye mwisho wa karne ya 14 au mwanzo wa karne ya 15. Nyingi kati ya sarafu hizo zilikuwa na lakabu ya Nasir al-Dunya, mtawala ambaye nafasi yake katika mfuatano wa masultani wa Kilwa ilikuwa na utata. Udongo wa Songo Mnara uliwawezesha watafiti kumweka katika karne ya 14. Aidha, wingi wa sarafu zake ulidokeza kwamba watu walizichagua na kuziweka kando kwa madhumuni maalumu, si kwamba walitupia akiba chochote kilichopatikana.

Katika mji huo huo sarafu zilipatikana pia penye makaburi, jambo lililowafanya watafiti wazione kama sehemu ya kuwakumbuka wafu. Kwa mwenye kigunduzi, sarafu ya kaburini na sarafu iliyodondoka sokoni hulia sauti moja. Tofauti kati ya sadaka na chenji imo katika mahali ilipolala, si katika metali.

6.0 Sarafu Zilizosafiri

Sarafu ya Kilwa haikukaa Kilwa. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, na kwa kuwa ilitoka katika uchimbuzi, imekuwa kiungo madhubuti kati ya dhahabu ya bara na bandari za pwani.

Zilizosafiri mbali zaidi zina habari tofauti. Mwaka 1944 Maurie Isenberg, askari wa jeshi la anga la Australia aliyekuwa kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, aliokota sarafu tisa katika ufuo wa kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi hiyo. Alizihifadhi, na mwaka 1979 akazipeleka kwa wataalamu. Tano zilikuwa za Kilwa. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India, na ya zamani kabisa kati ya hizo ilikuwa ya mwaka 1690. Isenberg hakuwa na kigunduzi, wala hakutafuta faida; zaidi ya hayo, aliweka alama kwenye ramani kuonyesha alipoziokota. Ramani hiyo ndiyo iliyoiongoza safari ya utafiti ya Ian McIntosh mwaka 2013.

Hata hivyo, ufuo si tabaka. Mawimbi hukusanya vya karne moja na vya karne nyingine, hivyo sarafu tisa zilizookotwa pamoja hazithibitishi kwamba zilipotea pamoja. Zingekuwa zimezikwa katika chombo kimoja, zile za Kiholanzi zingezipa tarehe zile za Kilwa, kama dinari zilivyofanya Mtambwe Mkuu. Kwa jinsi zilivyopatikana, majina ya masultani yanasomeka umbali wa maelfu ya kilomita kutoka nyumbani kwao, na hakuna mtu anayeweza kueleza kwa hakika nani alizifikisha. Ni matini kamili iliyokatwa kutoka katika simulizi yake.

7.0 Mali ya Wajerumani

Tanzania ina utafutaji wake wa hazina, ingawa hauitwi burudani. Katika sehemu nyingi za bara kuna imani kwamba Wajerumani, waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, walificha dhahabu na rupia ardhini, wakaweka alama kwenye miti na mawe. Imani hiyo ina mzizi wa kweli. Mwaka 1916, koloni lilipokuwa limezingirwa, Wajerumani walifua mjini Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka Sekenke. Zilizofuliwa zilikuwa kama 16,000 tu. Hela za shaba nyeupe na nyekundu za Tabora zilifuliwa kwa wingi zaidi katika kipindi hicho.

Kutoka mzizi huo mdogo umeota mti mkubwa wa uvumi. Hata mapango ya michoro ya Kondoa, yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, yamewahi kuchimbwa na wasaka mali hizo. Wachimbaji hawakuwa maadui wa historia. Wengi walikuwa watu wenye dhiki walioamini kwamba ardhi yao ina deni la kuwalipa. Lakini mashimo waliyoyaacha yalipita katika matabaka ya maelfu ya miaka kwa kutafuta sarafu yenye umri wa karne moja.

Sheria zipo. Nchini Tanzania, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka leseni kwa uchimbuzi wa mabaki ya kale, na nchini Kenya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inalinda mabaki ya aina hiyo. Kwa hiyo burudani ya Uingereza haiwezi kuhamishiwa Kilwa, Pemba au Lamu kama ilivyo. Magofu ya pwani si mashamba yaliyovurugwa na plau kwa karne nyingi. Mengi bado yana sakafu na makaburi yaliyotulia, na sentimita 30 za kigunduzi zinatosha kabisa kuyafikia.

Kinachoweza kuhamishwa ni tabia ya kuandikisha. Bahari inazidi kula fukwe, na wavuvi, wakulima na watoto huokota sarafu pasipo kuzitafuta. Hazina ya sarafu za Kichina ya Kajengwa, karibu na Makunduchi, iliyojitokeza mwaka 1945, inakumbusha kwamba si kila ugunduzi huanza na msomi. Mwananchi wa namna hiyo anahitaji mahali pa kupeleka taarifa, mtu wa kumpokea kwa heshima, na hakika kwamba kijiji chake kitatajwa katika kumbukumbu. Akikosa hayo, mnunuzi wa barabarani ndiye atakayempokea.

8.0 Hitimisho

Historia ya pwani ya Waswahili imebishaniwa kwa muda mrefu: nani aliijenga miji, lini, na kwa uhusiano gani na watu wa bara na wa ng'ambo. Katika ubishi huo Ali bin al-Hasan na Nasir al-Dunya ni mashahidi wa thamani, na kila mmoja ametoa ushahidi wake kwa sababu sarafu zake zilikutwa mahali pake. Mhadhara huu umeonyesha kwamba kigunduzi cha metali hakina uovu ndani yake. Kilisaidia Watlington na kiliharibu Leominster, na tofauti ilikuwa taarifa moja iliyotolewa au kufichwa.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, somo hili si la wanaakiolojia pekee. Wanaojifunza kuandika jina la msimulizi, kijiji chake na siku ya masimulizi wanafanya kazi ile ile inayofanywa na anayepima kina cha sarafu kabla ya kuigusa. Sarafu ya Kilwa ilifuliwa ili pande zake mbili zikamilishane kwa kina. Historia imeiongezea upande wa tatu, nao ni udongo, na huo hauwezi kufuliwa upya.